Aliyeandika Maneno ya Mama Aliyefiwa

Jumamosi nilikuwa saluni moja hapa Raskazone, nasubiri zamu ya kusukwa, televisheni ilipotangaza kwamba tamthilia yetu ya jioni imesimama. Waandishi wake wamegoma. Wanataka majina yao yaonyeshwe kwenye skrini kama yanavyoonyeshwa ya waigizaji.

“Mgomo wa nini?” msusi akadakia, kitana mkononi. “Kwani waigizaji hawana midomo? Si waseme tu!”

Tukacheka. Mama aliyekuwa akisukwa, ambaye mwaka jana alimzika bintiye, hakucheka. Aligeuka ghafla, nywele zikamponyoka msusi.

“Kwani yale yanaandikwa?”

“Yote, mama,” nikamjibu.

“Hata siku ile yule mama wa kwenye tamthilia alipofiwa na mwanawe, akasema, ‘Nguo zako bado zinanukia, nizifue au niziache?’”

“Hata hayo. Anapewa karatasi, anayakariri.”

Mama akaziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka. “Nilidhani yamemtoka moyoni! Mimi kanga za mwanangu ziko kabatini mpaka leo, sijazifua. Wala sijamwambia mtu.”

Msusi akazima televisheni.

“Basi wayaweke hayo majina,” mama akasema polepole. “Nataka kumjua huyo aliyeandika. Kafiwa yule.”

Mgomo haujaisha, na mjini bado wapo wanaouita wa watu wasio na kazi. Pale saluni usiuite hivyo. Msusi atakuinua kitini, uende zako na nusu kichwa.