Uzi wa Njano Ulikuwa wa Nani?

Enzi zetu sisi wa Mtawanya, nguo haikufa, ilihama mtu tu. Baba akiuza korosho analeta jora moja kutoka Kibiti mjini, fundi anatukatia magauni sisi mabinti watatu, kitakachobaki kinakuwa pazia. Mgeni akija anakuta watoto na dirisha wamevaa sare. Gauni la dada Siwema likimbana linashuka kwa dada Mwajuma, la Mwajuma linanishukia mimi kitindamimba, limeshachoka, lina madoa ya mabibo ambayo ufue kwa sabuni gani hayatoki.

Hapo ndipo Mama aliposhika sindano. Alikuwa na mabaki ya nyuzi za kudarizia mito, na hakuhangaika kutafuta uzi wa kufanana na kitambaa. Palipochanika alibandika kiraka akakizungushia uzi mwekundu, doa la bibo akalifunika kwa vinyota vya kijani au njano. Kazi hiyo aliifanyia juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tulichohamia bondeni mpunga ukianza kukomaa, sisi tuko chini tunawinga ndege kwa mayowe. Nguo haikushonwa mwilini. Unavua, unajifunga khanga, unasubiri. "Chana tena uone, safari hii nitakushona wewe!" Mama anatutisha hivyo, halafu anatupakulia wali mpya na kambale wa kukaushwa kwa moshi. Jamani, acheni tu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Kila mtoto alikuwa na rangi yake. Siwema nyekundu, Mwajuma kijani, mimi njano. Nalikumbuka hilo kama ninavyolikumbuka jina langu. Ukiwa wa mwisho kila kitu kinakufikia kimeshatumika, hata viatu vimeshika umbo la miguu ya watu wengine. Uzi wa njano ndio uliokuwa wangu peke yangu. Madrasa nilikaa upande ambao njano ingeonekana, na Mwajuma nilipigana naye mara nyingi kwa ajili yake.

Juzi juzi binti yangu Nasra kaja kutoka Dar na jinzi ya viraka, nyuzi za kila rangi. Nikamwonea huruma, nikajua maisha yamempiga. Kumbe kainunua hivyo hivyo, tena ghali!

"Mama, ndo habari ya mjini hii."

Inachanwa kiwandani, inashonwa kiwandani. Sisi nguo ilichanika kwa kazi, ulikwea mkorosho wa watu ukafukuzwa. Nikamweleza kwamba kwetu kila uzi ulikuwa na mwenyewe, nikampigia dada Mwajuma simu anitolee ushahidi.

"Njano yako tangu lini?" dada akacheka. "Njano ilikuwa yangu. Wewe mdogo wangu ulikuwa kijani."

Msinicheke, niliumia. Mtu mzima mimi, nina mvi, nikajisikia kama nimeibiwa.

Ikabidi mimi na Nasra twende kwa Mama. Bado yupo, alhamdulillahi, anakaa barazani kwake na akili yake imetulia kuliko za kwetu. Nikamuuliza njano ilikuwa rangi ya nani.

"Rangi ya nani?" Mama akashangaa. "Aka! Miye nikitunga uzi uliokuwa karibu. Rangi mligawana wenyewe huko chini."

Kama njano haikuwa yangu, miaka yote ile nilikuwa najivunia nini? Na Mwajuma naye alikuwa anapigania nini?

"Sasa Mama, mbona hukutuambia? Tulikuwa tunaumizana!"

"Ningewaambia mngenyamaza," akasema. "Mpunga umewazidi kimo, maji hayajakauka, mamba wapo. Miye niko juu na sindano, siwaoni. Nikisikia sauti tatu zinagombea uzi, najua wanangu wote wapo."

Mimi mpaka leo sijui nicheke au nilie. Ninachojua, wanangu wakija likizo kila mmoja ana chumba chake, kabati lake, na nguo zake mwenyewe, hakuna anayegombea hata soksi na mwenzake. Majirani wananisifu kwa utulivu wa nyumba yangu. Nikitaka kujua kama wamo ndani, nawapigia simu.