Oili Isiyodondoka

Kila asubuhi Kaaha aliinama kutazama mchanga chini ya gari lake, na kila asubuhi aliukuta mkavu. Hapakuwa na tone. Hata hivyo oili ilipungua.

Alikuwa mjane wa Habaswein, muuzaji wa maziwa ya ngamia. Marehemu mumewe, Shuaib, alimwachia gari lililokwisha kuzeeka, naye akajifunza kuliendesha huku watu wakimcheka. Baadaye haohao waliomcheka wakawa wanampungia mkono awabebe hadi Garissa.

Fundi Kadar alimweleza kwamba oili haikuwa ikivuja, ilikuwa ikiungua humo humo ndani. Ringi za pistoni, ambazo kazi yake ni kuikwangua oili kwenye kuta za silinda, zilikuwa zimelika, na oili ikapata njia ya kupanda juu na kuungua pamoja na petroli. Sili za valvu nazo zilikuwa zimekakamaa. Gari likilala, oili ilichuruzika ndani ya silinda, na likiwashwa alfajiri lilitoa moshi wa samawati. Dawa ilikuwa kuifungua injini. Kaaha akasema inshallah, akaendelea kuongeza oili. Chupa iliyomtosha mwezi mzima ikawa haimalizi wiki.

Kiangazi kikiwa kikali, jirani yake Weris alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mtoto alikataa kutoka na damu ikaanza kumtoka mama. Zahanati wakasema apelekwe Garissa, lakini gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Wajir na mgonjwa mwingine. Mume wake, Mowlid, akaja mbio kwa Kaaha. Wakampandisha Weris wakaondoka, na chupa ya mwisho ya oili miguuni.

Njiani moshi ulitanda nyuma yao hata barabara isionekane kwenye kioo. Kisha taa nyekundu ya oili ikawaka. Kaaha akasimama, akamimina chupa yote, akachomoa kijiti cha kupimia. Ncha yake ililowa kidogo tu. Hakuna gari lililokuwa likija, mbele wala nyuma. Kadar alimwonya kwamba taa hiyo ikiwaka, asiendeshe tena.

“Eedo,” Weris alimwita shangazi kwa sauti ndogo, “mbona tumesimama?”

Kaaha akawasha gari.

“Mshike vizuri,” akamwambia Mowlid. “Hili halitarudi nyumbani.”

Injini ikaanza kugonga, kwanza taratibu, kisha kama nyundo juu ya bati. Nyumba za kwanza za Modogashe zilipoonekana, ikakwama ghafla, gari likaserereka na kunyamaza. Mowlid akakimbilia mjini, akarudi na pikapu ya miraa iliyokuwa ikirudi tupu. Wakamhamisha Weris. Kaaha akabaki peke yake kwenye jua, mikono yake ikinuka oili iliyoungua.

Jioni simu ikalia. Weris amepasuliwa, yu hai. Mtoto hakuwahi kulia.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomlemea. Weris aliporudi, alimfuata hadi kwake.

“Eedo, ungebakia pale njiani, tungezikwa wawili.”

Kaaha aliitikia kwa kichwa. Alitaka kumuuliza kama mtoto alikuwa bado akicheza tumboni walipokuwa wakiingojea ile pikapu. Hakuuliza. Akammiminia chai ya maziwa, wakakaa wakinywa.