Oili ya Banda la Kuku

Jumamosi hapa Rodi Kopany, jirani yangu aliamua kujibadilishia oili ya pikipiki nyumbani, kabla ya safari ya Homa Bay. Huku kwetu ukishika spana tu, watu hutokea kuomba ile oili chafu wapake nguzo, zisiliwe na mchwa. Akiwa bado amelala chini ya injini, mama wa ng'ambo ya ua alijichukulia mkebe wa oili uliokuwa kando, akaenda kupaka nguzo za banda lake la kuku.

Baadaye akarudi, brashi ikidondoka. "Baba, leo umenifikiria! Hii inang'aa kama asali."

"Mama, hiyo ndiyo mpya!"

Mama akaitazama brashi, kisha beseni la oili nyeusi iliyotoka kwenye injini.

"Basi si urudishe hiyo nyeusi? Pikipiki imeshaizoea."

Jamaa sasa anatembea kwa miguu. Banda la kuku liko tayari kwa safari ya Homa Bay.