Treni ya Mzunguko Niliyoitetea

Miaka ile nilikaa Lanham, upande wa Maryland, na kutunza wazee Arlington, upande wa Virginia. Kwa treni ilibidi niingie katikati ya jiji, nibadilishe, halafu nitoke tena ng'ambo ya mto. Reli za huku zilijengwa kuwapeleka watu wa ofisi mjini asubuhi na kuwarudisha jioni. Sisi tuliotoka kitongoji kimoja kwenda kingine, hakuna aliyetufikiria.

Nilisafiri na mwenzangu wa kazi, mama mtu mzima wa Tanga anayevaa hijabu. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za treni ya mzunguko: njia itakayovuka mto kule kusini na kuunganisha Maryland yetu na Virginia bila kupita kwenye ule msongamano wa mjini.

"Ikijengwa, dada, tutalala mpaka kupambazuke," alisema.

Asubuhi moja, pale tulipokuwa tunabadilisha treni, mwanamume mmoja alianza kumtukana kwa sababu ya hijabu. Tukasogea. Akatufuata. Akaishika ile hijabu kwa nyuma, akamvuta nayo kama mtu anayevuta mbuzi, na kichwa cha mwenzangu kikagonga ukingo wa benchi la zege. Watu walirudi nyuma na kutoa simu kupiga video.

Nilikuwa na chupa ya chuma ya chai. Nikampiga nayo juu ya sikio.

Aligeuka, akanikamata mkono wa kulia na kuupinda. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Nikaihamisha chupa mkono wa kushoto, nikampiga mdomoni. Damu ilinirukia usoni. Alikaa chini, akafunika kichwa kwa mikono, akasema, "Okay, okay." Nikampiga tena. Na tena.

"Basi, dada! Utaua mtu!" Alikuwa mwenzangu, amenyanyuka huku damu inamtiririka shingoni.

Polisi walimchukua yule mtu. Mwenzangu alishonwa nyuzi kichwani, mimi nikafungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Mashahidi wote walisema nilijitetea.

Plasta ilikuwa bado mkononi tulipokwenda kwenye mkutano wa wananchi kuhusu ile njia mpya, katika ukumbi wa shule. Ukutani walibandika ramani yenye duara. Bwana mmoja alisema duara hilo ni anasa, litaleta wahuni mitaani kwao. Nikasimama, nikainua mkono.

"Mimi nimevunjwa huu mkono nikienda kuogesha wazazi wenu," nilisema kwa Kiingereza changu cha Nyeri. "Mngekuwa na njia ya kunifikisha kazini moja kwa moja, nisingekuwa pale."

Walinipigia makofi mengi. Yule bwana aliangalia viatu vyake.

Tulipotoka nje mwenzangu hakunipongeza. Kwenye maegesho alinigeukia.

"Mbona hukuwaambia yote?"

"Yapi?"

"Kwamba alikuwa ameshakaa chini."

Nilitaka kumwambia ni hasira, ni woga, ni mkono ulivyokuwa unauma. Lakini alikuwepo, aliona.

"Nilifurahia," nikasema. "Pigo la kwanza lilikuwa la kukuokoa. Yale ya mwisho nilifurahia."

"Najua. Nilikuona uso." Akanifungia vifungo vya koti, maana mkono mmoja haukutosha. "Nilikuogopa wewe kuliko yeye. Na bado nashukuru."

Mwishowe wakubwa walitangaza kwamba treni ya mzunguko ni ghali mno, wataongeza mabasi. Mwenzangu hakusubiri mabasi. Alihamia Herndon, kule Virginia, kwa binti yake na kutafuta kazi ya kwenda kwa miguu. Mimi niliendelea na treni kwa majira mawili zaidi. Mtu akipaza sauti behewani, wengine walishtuka na kusogea mlangoni. Mimi nilibaki nimekaa, nimeibana mikono katikati ya magoti, nikimwomba Mungu huyo mtu asinikaribie.