Maji ya Omena Ndani ya Ndoo Yangu

Ilianza Jumamosi saa nne na dakika kumi asubuhi. Shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita Senje, alimwaga maji ya kuoshea omena ndani ya ndoo yangu ya minyoo. Sufuria nzima.

"Senje, usi..." nikasema, lakini sauti yangu haijawahi kufika mbali.

Ndoo hiyo naiweka kwa balkoni, inageuza maganda ya jikoni kuwa mbolea ya sukuma wiki ninazopanda kwa gunia. Mama aliikubali kwa sharti moja: siku itakayonuka, inaenda jaani. Ndiyo maana kila jioni nakamua udongo kwa kiganja. Ukitoa tone moja, sawa. Ukichuruzika, minyoo itakosa hewa.

"Nimewaonea huruma," Senje akasema, akikung'uta sufuria. "Kula maganda kila siku kama mbuzi wa mjini. Wacha waonje samaki."

Kaka yangu akaangua kicheko. "Mama Minyoo, watoto wako wamepewa supu."

Nilitaka kumfokea. Lakini dada ya baba hajibiwi. Hata mama, akitaka kumpinga, huanza kwa kumwongezea chai.

Kufikia jioni nzi walikuwa wamejaa, na minyoo imepanda hadi kwa kifuniko, inatoroka. Mama akaziba pua.

"Nani ameloweka hii kitu?"

Senje alikuwa anamega ugali. Akamega tena. Akaniangalia kabisa, akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza, na hapo ndipo nilimchukia, yeye na huo mdomo wangu.

"Tukienda kanisa kesho, tunashuka nayo," mama akasema.

Asubuhi niliamka kabla yao. Nikamwaga kila kitu juu ya gunia tupu nililotandika balkoni, nikatupa tope lililooza, nikaanza kuchanganya udongo uliobaki na trei za karatasi za mayai nilizoomba dukani usiku, ili zinyonye maji. Senje akatoka na mswaki mdomoni. Nikamnyooshea trei.

"Rarua, Senje. Vipande vidogo."

Aliduwaa. Sikuurudisha mkono. Akaipokea.

Mama akatokea amevaa nguo za kanisa, akatazama gunia, kisha wifi yake.

"Maji alimwaga Senje," nikasema. "Ya omena."

Mama hakuigusa ndoo; akarudi ndani kumwekea Senje chai. Nikachukua trei nyingine, nikaendelea kurarua.