Fundi wa Kubana Sauti

Kazi yake ni kubana sauti za watu ili zipite simuni hata mtandao ukiwa hafifu. Husikiliza amefumba macho, kidole kikigonga meza taratibu, huku programu yake ikikata pumzi na vikohozi bila huruma. "Huo mzigo tu," huwaambia wenzake. Juzi mchana alimpigia baba yake ili aijaribu.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, mwanangu."

Sauti ilifika safi mno; hakujua kama mzee anacheka au ananuna. Akaizima programu, akauliza tena. Safari hii alimsikia akivuta pumzi na kumeza mate.

"Baba, niambie ukweli."

Mzee akaangua kilio. Fundi akanyakua mkoba, akatoka mbio kwenda kwao, hedifoni zake zikiwa bado shingoni.