Nyanya Mia Moja Ishirini na Saba

Wiki jana binti yangu alikuwa akifanya hesabu mezani, akaniambia kwamba mia moja ishirini na saba ni namba tasa: haigawanyiki sawasawa ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikamkumbuka dada yangu Wambui, aliyetaka kuwa mwalimu wa hesabu, siku moja tukiwa watoto kwenye kibanda cha mama cha mboga huko Ruiru.

Mchana ule palinuka vikonyo vya nyanya na vumbi lililomwagiwa maji. Mama alitaka mafungu yanayolingana. Kwake, nyanya zikibaki, aliyepanga amekosea. Wambui alipanga tatu tatu, nne nne, tano tano, hadi vidole vikawa vya kijani. Kila mara zilibaki.

"Hesabu tena!"

"Mami, ni zile zile mia moja ishirini na saba."

"Na huko shuleni wanakupatia namba wani ya nini?" mama akauliza. Mwenye kibanda jirani akacheka.

Mimi niliamini kuna nyanya moja korofi, nikawa nazinusa moja moja ili niipate. Wambui alikaa juu ya kreti akilia kimya. Tangu siku hiyo hakuinua tena mkono darasani wakati wa hesabu.

Basi nilimpigia Wambui simu huko Mugutha, anakoshona nguo siku hizi, nikamweleza aliyosema binti yangu. Nikasikia cherehani ikisimama.

"Kwa hivyo sikuwa nimekosea?"

"Hukukosea, Wambui."

Akacheka kidogo.

"Si ungeniambia mami akiwa hai," akasema.